Mtepe wa Forodhani: Kuunda Chombo na Kuunda Istilahi

Katika ofisi zinazoshughulikia lugha, ni vitenzi vichache vitumikavyo mara nyingi kama kuunda. Twasema kamati imeundwa, muundo wa idara umebadilishwa, istilahi mpya zimeundwa na kupitishwa. Aghalabu twasema hivyo bila ya kukumbuka kwamba kabla ya neno hili kuingia ofisini lilikaa miaka mingi pwani. Kuunda ilikuwa hasa kazi ya fundi wa vyombo vya bahari: kulaza mkuku, kusimamisha mataruma, na kuunganisha ubao kwa ubao hata chombo kikawa kimoja. Sisi tunaounda maneno tumelirithi jina la kazi yetu kutoka kwa watu waliokuwa wakiunda majahazi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya chombo kimoja, yaani mtepe, ambacho kilitoweka katika pwani ya Afrika Mashariki na baadaye kikaundwa upya ili kufundishia watu katika jumba la makumbusho lililoelekea bahari mjini Zanzibar. Kutokana na historia hiyo nitajaribu kuonyesha kwamba msamiati wa waunda vyombo ni ghala ambamo Kiswahili kimechota istilahi zake kwa muda mrefu, na kwamba ghala hilo limo hatarini. Hoja yangu ni moja. Neno la kazi hudumu na maana yake kamili pale ambapo kitu chenyewe, na mkono unaokitumia, vingali pamoja nalo. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi istilahi hana budi kwenda kilipo kitu.

Chombo kisicho na msumari

Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilitobolewa matundu kandokando kwa keke, kisha zikashonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa, zikapondwa na kusokotwa. Matundu yalizibwa kwa vijiti vya mti vilivyogongwa ndani ili kamba ikazike na maji yasipenye. Mlingoti ulikuwa mmoja, na tanga lake halikuwa la kitambaa wala la pembe tatu kama la jahazi. Lilikuwa la umbo la mraba, lililosukwa kwa miyaa kama mkeka. Omo yake ilichongoka mbele mithili ya shingo na kichwa cha ngamia, na hata masimulizi ya pwani yaliihusisha sura hiyo na ngamia wa Mtume.

Ufundi wa kushona vyombo katika pwani hii ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, ambacho ni mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja kisiwa kiitwacho Menouthias, ambako wenyeji walikuwa na mitumbwi ya kuchonga na vyombo vya kushonwa, wakavitumia kuvulia samaki na kasa. Tena chataja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, na chaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa vya hapo. Ikiwa ni hivyo, basi mojawapo ya majina ya kwanza ya mji wa pwani yetu kupata kuandikwa lilikuwa jina la kazi ya mafundi wa vyombo.

Ibn Battuta, ambaye alifika Kilwa mwaka wa 1331, ameeleza katika habari za safari zake sababu ya vyombo vya India na Yemen kushonwa kwa kamba za makumbi. Bahari ile ina miamba mingi. Chombo kilichopigiliwa misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa hunepa na kusalimika. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka wa 1498 waliandika kwamba vyombo walivyovikuta vilikuwa vikubwa, havikuwa na misumari, mbao zake ziliunganishwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Zaidi ya maandishi hayo, kuna picha zilizochorwa na wenyeji wenyewe kwa kukwaruza lipu ya kuta za majengo ya kale ya pwani. Peter na Margaret Garlake walizikusanya na kuzichapisha mwaka wa 1964 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Humo mna vyombo vyenye tanga la mraba ambavyo mtu aliyepata kuona mfano wa mtepe hatashindwa kuvitambua.

Katika karne ya 19 makao makuu ya mtepe yalikuwa visiwa vya Lamu, hasa upande wa Pate, Siyu na Faza, na mafundi na mabaharia wake wengi walikuwa Wabajuni. Mitepe ilibeba boriti za mikoko hadi Mombasa na Unguja, na nyumba nyingi za mawe za miji hiyo ziliezekwa juu ya boriti zilizofika kwa njia hiyo ya bahari. Chombo hiki hakikuwa pambo. Kilikuwa gari la mizigo la zama zake.

Jinsi kilivyotoweka

Sababu za kutoweka kwa mtepe si za siri. Kamba ya usumba huchakaa, na chombo cha kushonwa hutaka kushonwa tena kila baada ya muda. Hata kikiwa kizima huvuja, kwa hiyo katika safari hapakosekani mtu wa kukaa ngamani kufua maji. Misumari ya chuma ilipopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, mwenye mali aliona jahazi lililopigiliwa lamfaa zaidi. Meli za moshi nazo zikachukua sehemu ya shehena. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ya mwisho ikaacha kusafiri. C. J. W. Lydekker aliandika habari zake katika jarida la Man mwaka wa 1919, na James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka wa 1941, alikuwa akieleza chombo kilichokwisha kuwa kumbukumbu.

Jambo la kutazamwa hapa na mtu wa istilahi ni kwamba walioandika habari hizo waliandika kwa lugha za kigeni, na kwa wasomaji wa mbali. Majina ya sehemu za mtepe yaliingia katika kurasa hizo yakiwa kama vielelezo vilivyofungiwa katika kabati la kioo. Msomaji wa Ulaya aliyapata. Mtoto wa shule wa Faza au wa Mkokotoni hakuyapata.

Jambo la pili lahusu usanifishaji wa lugha yenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka wa 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka wa 1939 ndiyo tunda kubwa la kazi hiyo. Sina haja ya kuulaumu uamuzi ule, maana bila ya msingi mmoja pasingekuwa na vitabu vya shule vya kutumika kote. Lakini ni dhahiri kwamba chombo kilichoundwa na kuendeshwa na wasemaji wa lahaja za kaskazini kiliachwa nje ya ua. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka huohuo wa 1939, alikusanya maneno mengi ya lahaja, yakiwemo ya bahari, lakini ni walimu wangapi wetu wawezao kuifungua kamusi hiyo na kuisoma?

Kisha uhuru ukaja, na mwaka wa 1967 Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mahitaji ya siku zile yalikuwa ya haraka: sheria, utawala, elimu, kilimo, sayansi. Maneno ya vyombo vya bahari yalionekana yapo tayari, na kitu kilichopo tayari hakiundiwi kamati. Hivyo ndivyo ghala linavyoweza kuachwa wazi kwa sababu tu kila mtu ajua limejaa.

Jumba lililoelekea bahari

Mbele ya bustani ya Forodhani, mjini Zanzibar, lilijengwa mwaka wa 1883 jumba liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Aliyelijenga ni Sultani Barghash bin Said. Jumba hilo lilinusurika tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Uingereza ziliipiga mizinga Zanzibar na kulibomoa kasri lililokuwa jirani yake. Baadaye likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964 likatumiwa kwa shughuli za chama na za mafunzo. Hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati makumbusho ya Zanzibar yakiwa chini ya uangalizi wa mwanahistoria Profesa Abdul Sheriff, ambapo mtepe uliundwa upya kwa ajili ya jumba hilo. Ulipewa jina la Shungwaya, jina la nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya makabila kadhaa ya pwani ya kaskazini. Mtepe wa kale uliosalia haukuwapo hata mmoja. Waliokusudia kuurudisha iliwapasa kutegemea picha, maandishi, mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho, na ujuzi wa mikono ya mafundi wa vyombo.

Nawaomba wasomaji walifikirie jambo hili kwa makini. Mtu anayeandika kamusi aweza kueleza mtepe kwa mstari mmoja: chombo cha kushonwa chenye tanga la mkeka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamwezeshi mtu kuunda chochote. Fundi aliyepewa kazi ya kuunda mtepe hana budi kuuliza maswali ambayo kamusi haikuyajibu. Matundu yaachane kwa kiasi gani? Kamba ipite wapi kwanza? Ubao wa chini ushikwe na mkuku kwa njia gani? Kila swali ladai kitendo, na kila kitendo chadai jina. Kukiunda upya chombo kilichokufa ni kuyalazimisha maneno yake yatoke mafichoni, yawekwe kila moja mahali pake, na yapimwe kama yanafaa kazi.

Tena palikuwa na faida kwa wanafunzi na raia wengine waliofika pale. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya chombo kile aliona ubavu wa mbao usio na msumari hata mmoja, akaona kamba ikiingia na kutoka, na bila ya kuhimizwa na mwalimu akauliza jina la kamba ile. Akijibiwa kwamba ni usumba, neno hilo hakulisoma kama msamiati wa kukariri. Alilipokea likiwa limefungamana na kitu alichokiona na kukigusa. Hapana orodha ya istilahi, hata iwe imepigwa chapa vizuri namna gani, iwezayo kufanya kazi hiyo peke yake. Yafaa pia kukumbuka kwamba chombo cha kaskazini kiliwekwa katikati ya mji ambao lahaja yake ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Kwa njia ya chombo hicho maneno yaliyoachwa nje ya ua mwaka wa 1928 yalipata kuingia ukumbini.

Lakini majumba nayo huzeeka. Sehemu ya roshani za Beit al-Ajaib ilianguka mwaka wa 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ya jumba ikaporomoka pamoja na mnara wake, na maisha ya watu yakapotea. Msiba ule ulikuwa kwanza wa watu hao na jamaa zao. Kwetu sisi wa lugha ulikuwa pia onyo. Kitu peke yake hakiwezi kuwa amana ya neno, kama vile ambavyo karatasi peke yake haiwezi. Chombo chaweza kuoza, jumba laweza kuanguka, fundi aweza kufariki. Neno lenye mahali pamoja tu pa kukaa lina maisha ya mahali hapo.

Maneno yaliyopanda nchi kavu

Huenda msomaji akauliza: je, haya yote si ya watu wa pwani pekee? Mwalimu wa Tabora au karani wa Iringa yamhusu nini mambo ya mkuku na taruma? Jibu ni kwamba maneno ya chombo hayakubaki pwani. Tazama mifano michache.

Rubani alikuwa mtu ajuaye njia ya maji, ambaye huiongoza meli ipite salama kati ya miamba. Ndege zilipokuja, hatukuhitaji neno jipya. Rubani akapanda angani. Usukani ulikuwa wa chombo, sasa ni wa gari, na katika hotuba ni wa uongozi wa nchi. Kuabiri ilikuwa kusafiri, hasa kwa chombo cha majini. Leo abiria yumo ndani ya basi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kuegesha ilikuwa kukileta chombo kando ya ufuo au ya chombo kingine. Sasa maegesho ni ya magari. Nahodha amekuwa kiongozi wa timu ya mpira. Dira, iliyomwonyesha baharia njia, sasa ni jina la mipango ya taifa ya miaka mingi. Chombo chenyewe kimekuwa chombo cha habari na chombo cha dola. Na kuunda, kama nilivyotangulia kusema, ndilo neno la kazi yetu sote.

Katika mifano hii yote twaona kanuni moja. Neno lililovuka vizuri lilikuwa na maana bayana kwa waliolitumia kwanza. Rubani aliweza kwenda angani kwa sababu kila mtu wa bandarini alijua tofauti iliyopo kati ya rubani na nahodha: mmoja ajua njia, mwingine ana amri ya chombo. Kama tofauti hiyo ingekuwa imekwisha sahauliwa, neno lingekuja kwetu likiwa ganda tupu. Wageni waliotembelea bahari hii walivikusanya vyombo vyake vyote chini ya jina moja lifananalo na dau letu. Mpwani hakufanya hivyo. Kwake mtepe haukuwa jahazi, jahazi halikuwa mashua, na mashua haikuwa ngalawa. Uainishaji huo ulikuwa istilahi kamili kabla sisi hatujalijua neno istilahi.

Kosa la joshi

Nitaeleza sasa jambo lililonipata mwenyewe, kwani litaonyesha kwamba hatari ninayoisema si ya kufikirika. Miaka michache iliyopita ililetwa mezani kwangu rasimu ya kanuni za usalama wa vyombo vidogo, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Mfasiri alikuwa mtu makini, lakini hakuwa na maneno. Mkuku aliuita uti wa mgongo wa chini. Mataruma aliyaita mbavu za ndani. Tezi na omo vilikuwa sehemu ya nyuma na sehemu ya mbele. Niliyasahihisha hayo kwa urahisi. Kisha nikafika mahali palipotajwa upande wa kulia na upande wa kushoto wa chombo. Nikaona fursa ya kutumia maneno ya asili. Nilikuwa nimeyaona katika kamusi maneno mawili ya baharini yaendayo pamoja, joshi na demani, nikapendekeza joshi liwe upande wa kulia na demani liwe wa kushoto. Nilijisikia nimefanya kazi ya maana.

Kwa bahati, kabla ya rasimu kurudishwa, safari nyingine ya kikazi ilinipeleka Unguja, nami nikafika ufuo wa Nungwi, ambako hadi leo vyombo vingali vikiundwa. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akichonga taruma kwa tezo, nikamwonyesha orodha yangu. Aliisikiliza yote kwa adabu. Tulipofika kwenye joshi aliiweka tezo chini.

“Mwanangu,” alisema, “joshi haina kulia wala kushoto. Joshi ni huko uliko upepo. Upepo ukihama, au nahodha akigeuza tanga, na joshi huhama.”

Nikamwuliza, basi kanuni ikimwambia abiria akae upande wa joshi wakati wa upepo mkali, naye akaelewa ni kulia, itakuwaje? Akanijibu kwamba siku moja atasalimika na siku nyingine atakizamisha chombo, maana chombo kikilala kwa upepo watu huhamia upande uliko upepo ili kukisawazisha, na wakienda upande wa pili huzidi kukilaza.

Nilirudi na orodha yangu nikaifuta mistari ile. Katika kosa lile palikuwa na funzo kubwa kuliko nililolipata katika vitabu. Mfasiri aliyeandika “uti wa mgongo wa chini” alikosa neno, lakini hakumdanganya mtu. Mimi niliyechukua neno la asili bila ya kukijua kitu chake ndiye niliyekaribia kumdhuru msomaji. Demani nalo lina mtego wake. Ni upande wa pili wa joshi, ni kamba ya tanga, na ni jina la majira ya mwishoni mwa kusi. Anayelichukua katika kamusi bila ya kuuliza hujui atalitua wapi. Twasema mara nyingi kwamba tuyafufue maneno ya wazee. Ni wito mzuri, lakini neno lililofufuliwa bila ya maana yake ni hatari kuliko neno lililokufa.

Chombo kipya, maneno ya kale

Hata hivyo nisieleweke kwamba ninataka tuigeuze lugha kuwa makumbusho. Mwaka wa 2018 kilishuliwa huko Lamu chombo kilichopewa jina la Flipflopi, kilichoundwa kwa taka za plastiki zilizookotwa fukweni na mijini, zikayeyushwa na kufanywa mbao. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mwunda vyombo wa Lamu. Zilitumika tani 10 hivi za plastiki, na ubavu wake ulipambwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Mapema mwaka wa 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikipita katika miji ya pwani na kuwafundisha wanafunzi na wananchi juu ya uchafuzi wa bahari.

Hapo twaona upande wa pili wa historia ya mtepe. Safari ya boriti kutoka Lamu hadi Unguja ilirudiwa, ila shehena sasa ilikuwa elimu. Mali ya kuundia ilikuwa ngeni kabisa, ambayo hakuna fundi wa Faza wa karne ya 19 angeweza kuiwazia. Lakini mkuku wa plastiki ni mkuku. Taruma la plastiki ni taruma. Neno lililotajwa kwa kazi yake, wala si kwa mali yake, lilikuwa tayari kupokea kitu kipya bila ya kuundiwa kamati yoyote. Kilichohitaji istilahi mpya kilikuwa kiwanda cha kuyeyushia plastiki, na hapo ndipo juhudi zetu zingefaa kuelekezwa. Anayejua alicho nacho ghalani hapotezi nguvu kuunda kile ambacho tayari kipo.

Mambo ya kufanywa

Kutokana na historia hii napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza lawahusu wafasiri. Mfasiri apatapo maandishi ya bahari, uvuvi, bandari au usafiri wa majini, asiridhike na kamusi mbili mezani. Ajitahidi kumpata baharia au fundi mmoja, amsomee sentensi nzima wala si neno peke yake, na amwulize kama sentensi hiyo ikitekelezwa chombo kitafika. Swali hilo lina manufaa kuliko kuuliza neno fulani laitwaje.

La pili lawahusu walimu. Shule zilizo karibu na ufuo wenye waunda vyombo zina maabara ya lugha isiyolipiwa ada. Wanafunzi wapelekwe wakatazame, wachore chombo, na waandike jina la kila sehemu kama walivyolisikia kwa fundi mwenyewe, pamoja na kazi ya sehemu hiyo. Michoro hiyo isitupwe baada ya kusahihishwa. Kwa shule za bara, kanuni ni ileile, ila vitu vitabadilika: kinu, mzinga wa nyuki, kiwanda cha uhunzi, mtumbwi wa ziwani.

La tatu latuhusu sisi tulio katika mabaraza ya lugha na ofisi za serikali. Orodha za istilahi tunazozitoa zina safu ya neno na safu ya maana. Yafaa tuongeze safu ya tatu: neno lilisikiwa wapi, kwa mtu wa kazi gani, na lilionyeshwa kwa kitu gani. Safu hiyo ingelikuwapo, nisingeliandika joshi kuwa ni upande wa kulia.

Wahenga wamesema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lugha yetu imekwenda mbali, imefika angani na rubani, na imeingia katika mipango ya taifa na dira. Haikosi siku itakayorudi ngamani kutafuta maneno mengine, na ngama ya chombo cha kushonwa haikai salama bila ya mtu wa kuifua kila siku. Mafundi wa Nungwi, Matondoni na kwingineko wangali kazini, na wengi wao ni wazee. Wasomaji walio karibu nao wasingoje mwaliko. Waende na daftari, wakae kitako, na waulize.